Mti Usiopandwa na Mtu: Namna ya Kumtambua Mvamizi Kihambani

Kuna mche ambao ukitembea kwenye vihamba (mashamba ya nyumbani ya Wachagga) vya Uru, Kibosho au Marangu huenda umewahi kuupita bila kuutazama mara mbili. Umeota kando ya mfongo (mfereji wa maji), au chini ya mfuruanje, au umejipenyeza kwenye uzio wa masale. Majani yake ni marefu na magumu, juu ni kijani kilichokolea, chini yana manyoya yenye rangi inayokaribia kutu. Ukimwuliza mwenye kihamba ni nani aliyeupanda, atacheka. Hakuna aliyeupanda. Kisha ataongeza, "Lakini ni mti wa matunda huo, watoto wanakula, uache tu." Na unaachwa.

Makala haya ni ya mtu anayetaka kujua, kabla hajauacha au kuung'oa, huo mti ni upi na una tabia gani. Hayo ni maswali mawili, na kwa maoni yangu la pili ni zito kuliko la kwanza. Jina la mti utalipata kwenye jani. Tabia yake utaipata kwa watoto wake: wameota wapi, wana umri gani, na wamekaa chini ya kivuli cha nani. Watu wengi, hata wenye elimu ya kilimo, huishia kwenye jina. Wakishajua kwamba mti huu ni wa kigeni wanauhukumu, au wakijua kwamba unaliwa wanausamehe. Njia zote mbili zinapotosha.

Tuanze na jani basi, maana bila jina hata afisa misitu hatakuelewa.

Mti ninaouzungumzia zaidi ni msambia, ambao wengine wanauita mlokwati. Wataalamu wanauita Eriobotrya japonica, kwa kuwa Carl Peter Thunberg, mwanabotania wa Sweden wa karne ya 18, aliukuta Japani. Asili yake hasa ni China. Ni wa ukoo mmoja na tufaha, peasi na waridi. Hupenda nyanda za juu zenye ubaridi na mvua, na ndiyo sababu utauona Lushoto, Arusha na huku kwetu juu ya Moshi kuliko utakavyouona Tanga mjini.

Msambia ni mti wa kimo cha kati, mita 5 hadi 10 kwa kawaida, wenye kichwa cha mviringo na kivuli kizito. Haupukutishi majani yote kwa mpigo hata kiangazi kikiwa kikali. Hilo si jambo dogo. Mti unaopukutisha majani hufungua dirisha la mwanga kila mwaka, na miche ya miti mingine chini yake hupata nafasi ya kupumua. Mti wenye kijani mwaka mzima haufungui dirisha hilo. Ukisimama chini ya msambia mkubwa uliokomaa, tazama ardhi: mara nyingi utakuta majani makavu, udongo mtupu, na miche yake mwenyewe.

Sasa shika tawi lake changa. Ncha yake imefunikwa manyoya laini yaliyoshikana, utadhani umegusa blanketi. Majani hayakai mawilimawili kwa kutazamana. Yanapishana kwenye tawi, lakini yamesongamana sana kuelekea ncha hata yaonekane kama yametoka mahali pamoja. Kila jani lina urefu wa sentimita 10 hadi 25, na kikonyo chake ni kifupi na kinene. Pembeni lina meno, hasa kuelekea kwenye ncha. Mishipa yake imezama kwenye uso wa juu na imenyooka sambamba kutoka uti wa kati hadi kwenye meno ya pembeni, hata jani zima likaonekana kama limepigwa mikunjo. Ligeuze. Upande wa chini ndio unaomaliza ubishi: manyoya ya kahawia au ya kijivu, ambayo kwenye jani changa yanasuguika kwa kidole.

Maua ni meupe, madogo, yenye petali tano na harufu tamu, yamefungamana kwenye vishada vilivyosimama nchani mwa matawi, na vikonyo vya vishada hivyo navyo vina manyoya ya kahawia. Matunda hukaa kwa vichala. Yakiiva huwa ya njano au ya rangi ya chungwa, sentimita 3 hadi 5, ya mviringo au yenye umbo la peasi dogo, na ngozi yake ni nyembamba yenye vumbi laini. Kwenye kitako cha tunda mabaki ya ua hubaki yamejifunga, kama unavyoyaona kwenye peasi. Ndani kuna mbegu za kahawia, kubwa, laini, zinazong'aa, moja hadi tano na wakati mwingine zaidi, ambazo huchukua sehemu kubwa ya tunda. Mtu aliyezoea mapera hushangaa kwa nini tunda zuri hivyo lina nyama kidogo.

Ukiwa na tunda mkononi, kazi imekwisha. Tatizo ni kwamba mche wa kimo cha goti hauna tunda, na mche huo ndio unaotakiwa kutambuliwa mapema. Kwa hiyo jifunze kutumia vidole kabla ya macho: manyoya chini ya jani, manyoya kwenye ncha ya tawi, meno pembeni, mishipa iliyozama. Mambo yote manne yawepo. Likikosekana moja, subiri.

Nasema subiri kwa sababu mlima huu una mti wa asili ambao mtu mwenye haraka anaweza kuukata akidhani ni msambia. Ni mkondekonde, Prunus africana, nao ni wa ukoo uleule wa waridi, ni wa kijani mwaka mzima, na jani lake lina meno madogo pembeni. Magome yake hutengenezwa dawa za tezi dume zinazouzwa Ulaya na kwingineko, na kwa ajili hiyo umechunwa vibaya katika misitu mingi ya Afrika. Tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya mkataba wa CITES. Kuutofautisha si kazi ngumu. Jani la mkondekonde ni laini pande zote mbili, linang'aa, halina manyoya wala mikunjo, na kikonyo chake mara nyingi huwa na wekundu. Ukilifikicha linatoa harufu ya lozi chungu. Matunda yake ni madogo, kama sentimita moja tu, na hayaliwi mezani. Kama kiganja chako hakijagusa manyoya, usiinue panga.

Msesewe nao umewahi kukatwa kwa makosa ya namna hii. Mche wake una majani marefu ya kijani kibichi na unapenda maeneo ya maji kama msambia. Lakini majani ya msesewe hukaa kwa mzunguko, matatu au zaidi kwenye pingili moja, hayana meno, na ukilikwanyua moja utomvu mweupe unatoka. Anayejua mbege, pombe ya Kichagga, hahitaji kuambiwa thamani ya magome yake.

Mpera ndio mvamizi anayejulikana zaidi, na kwa sababu unajulikana hakuna anayeushuku. Huo ni Psidium guajava, uliotoka Amerika ya kitropiki. Mche wake utautambua kwa majani yanayotazamana mawilimawili, mishipa iliyozama juu na kuvimba chini, na harufu ya pera ukilifikicha jani. Tawi changa si la mviringo. Lina pembe nne, unaweza kuzihesabu kwa kidole gumba. Ukikua, gome lake linabanduka vipande vyembamba na kuacha shina laini lenye mabaka ya kijani na shaba. Tabia yake ni tofauti na ya msambia. Mpera unapenda jua. Unavamia malisho, kingo za barabara, shamba la kahawa lililotelekezwa, na kingo za mito huku chini kwenye joto, kuanzia Kiboriloni kushuka tambarare. Ng'ombe na mbuzi hula mapera, mbegu hutoka salama kwenye kinyesi, na samadi inapelekwa shambani. Mtu anashangaa mipera imetoka wapi kwenye mahindi yake, kumbe ameibeba mwenyewe kwa toroli.

Ndugu yake mmoja nawaomba mmtazame kwa jicho kali zaidi. Ni Psidium cattleianum, asili yake Brazil, ambao tunaweza kuuita mpera mwekundu mdogo. Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, umeuweka kwenye orodha ya spishi 100 vamizi mbaya zaidi duniani. Hawaii, Mauritius, Réunion na Ushelisheli umegeuza sehemu za misitu ya asili kuwa vichaka vya mti mmoja, vilivyosongamana kiasi kwamba mtu hapiti bila panga. Tofauti na mpera wa kawaida, huu unavumilia kivuli cha msitu. Jani lake ni fupi, la sentimita 4 hadi 8, nene, laini kabisa, linang'aa, halina manyoya wala mishipa iliyovimba, na ni pana zaidi kuelekea ncha. Tunda lake ni dogo, jekundu linaloelekea zambarau au la njano. Ni mti mzuri kwa kweli, unafaa kwa picha, na hapo ndipo ulipo mtego, maana miti ya aina hii husambazwa na watu wanaopenda bustani. Ukiona mwenye kitalu anakuuzia mche wa "mapera madogo ya kizungu", angalia jani kwanza. Kama linang'aa na halina mishipa iliyovimba, mrudishie mche wake.

Mzambarau wa mjini, Syzygium cumini, umetoka Asia ya Kusini na umekuwa mti wa kivuli katika miji mingi ya Tanzania. Majani yake yanatazamana, ni laini, hayana meno, na ukilielekeza moja kwenye jua utaona mshipa mwembamba unaofuata ukingo wa jani pande zote. Tunda ni zambarau lenye mbegu moja. Hapa sitaki mtu yeyote ajiamini kupita kiasi, kwa kuwa mzambarau wa porini, Syzygium guineense, ni wa kwetu kabisa, huota kandokando ya mito ya mlimani, na unafanana mno na mgeni huyu. Ukiwa na shaka kati ya hiyo miwili, mpelekee mtaalamu tawi.

Basi jina umelipata. Sasa ndiyo kazi yenyewe inaanza.

Simama kwenye mti mama na uzunguke. Chini yake moja kwa moja utakuta miche mingi, na wengi hushtuka hapo, lakini zulia la miche chini ya mama si uvamizi. Kila mti wa matunda hufanya hivyo. Mparachichi hufanya hivyo kila mwaka na hakuna anayeulalamikia. Miche hiyo mingi itakufa kwa kukosa mwanga na nafasi. Songa mbele. Toka nje ya kihamba, fuata mfongo kuelekea chini, kisha fuata korongo. Unachotafuta ni mche ulio mbali na mama, ambao mtu hawezi kuwa ameuangushia mbegu kwa kutema tu. Ukiukuta, tazama unene wake. Kama ni mwembamba kama kidole, andika mahali na uendelee. Kama umefikia unene wa mkono na tayari una maua, umekuta mtoto aliyejitegemea, na yeye naye ana watoto wake mahali fulani.

Kisha jiulize umeota chini ya nini. Mche ulioota kwenye jua, kwenye jalala au ukingoni mwa barabara, unatuambia kwamba mti huu unajua kutumia mahali palipoharibiwa. Hilo ni jambo la kawaida. Mche wenye afya ulioota chini ya kivuli kizito cha miti ya asili, mahali ambapo hata miche ya miti hiyo inahangaika, unatuambia jambo jingine. Mti wa namna hiyo hauhitaji msitu uharibiwe ili uingie, na msambia, kwa mbegu yake kubwa iliyojaa akiba ya chakula, unaweza kuanza maisha kivulini kwa namna ambayo mpera hauwezi. Umri wa miche nao useme: ukikuta ya mwaka huu, ya mwaka juzi, yenye unene wa mkono na miti mizima, yote mahali pamoja bila aliyeipanda, hapo hakuna tena haja ya kubishana kuhusu neno vamizi.

Nani anaibeba mbegu? Mbegu ya msambia ni kubwa mno kwa ndege mdogo, lakini hondohondo anaimeza bila shida, popo hubeba tunda zima kwenda kulila kwenye mti mwingine, na kima hujaza mashavu na kutema mbegu njiani. Maji ya mfongo huisukuma iliyoangukia ndani. Na binadamu. Mtoto anatoka shuleni anakula na kutema, mgeni anakula kwenye gari na kurusha dirishani. Ninyi wagumu mnaopandisha mizigo kwa njia ya Machame, Umbwe au Marangu, matunda mnayobeba kwenye mfuko wa chakula ni yenu na mle kwa raha, lakini mbegu na maganda mrudi nayo chini. Watafiti wa mimea ya Kilimanjaro wameshaonyesha jinsi mimea ya kigeni inavyofuata njia za watalii mlimani, na ingawa mingi ni majani madogo na magugu, njia ni ileile.

Mahali pa kukagua kwa bidii zaidi ni ukanda wa nusu maili. Ukanda huo ulitengwa mwaka 1941 kati ya vihamba na msitu wa hifadhi ili wananchi wapate kuni, majani ya mifugo na mbao bila kuingia msituni. Mwaka 2005 msitu ulioko juu yake ukaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Kwa hiyo leo ukanda huo ni kama ua kati ya nyumba mbili: upande mmoja kihamba kilichojaa miti ya kupandwa kutoka kila bara, upande wa pili msitu wa mlima. Penye mapengo, palipokatwa miti, penye njia za ng'ombe, ndipo mgeni hupata mguu wa kuingilia. Mti mmoja wa msambia ukizaa pale juu una nafasi kubwa ya kupeleka watoto msituni kuliko misambia kumi iliyoko Soweto au Majengo mjini.

Kama unadhani nakuza mambo, nenda Amani, katika Usambara ya Mashariki. Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti pale mwaka 1902, wakaleta mamia ya aina za miti na mimea kutoka pande zote za dunia na kuijaribu. Mingi ilikufa au ilikaa palepale ilipopandwa, lakini michache ilitoka. Uliotamba zaidi ni msizi, Maesopsis eminii, ambao baadaye ulipandwa pia kwenye maeneo yaliyovunwa magogo. Hondohondo waliupenda, wakapeleka mbegu zake kila penye pengo msituni. Na msizi si mgeni wa kutoka ng'ambo: ni mti wa asili wa Uganda, Kongo na Kagera, ndani ya Tanzania hii hii. Mti wa Bukoba umekuwa mvamizi Tanga. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoliweka suala hili kana kwamba ni la uraia.

Tukianza kufukuza kila mgeni, kihamba chetu kitabaki na nini? Mgomba ulitoka Asia. Kahawa ya arabika iliingia mlimani karne ya 19 kwa mikono ya wamisionari Wakatoliki wa Kilema. Mparachichi ni wa Amerika, mgrivea ni wa Australia. Pamoja na wageni hao, kihamba cha Kichagga ni bustani tajiri kweli: Andreas Hemp, mtafiti aliyeisoma mimea ya Kilimanjaro kwa miaka mingi, alihesabu zaidi ya spishi 500 za mimea katika vihamba, na zaidi ya 400 kati yake hazikupandwa na mtu. Utajiri huo ndio ninaoutetea. Mgomba haujawahi kutoka kihambani ukaenda kusimama katikati ya msitu ukiwafunika wengine. Mti unaofanya hivyo ndio tunaoutafuta.

Ukishaukuta ufanye nini?

Kwanza, usikimbilie shoka. Mkoani Kilimanjaro ukataji wa miti, hata uliopanda mwenyewe, unahitaji kibali, na serikali ya kijiji pamoja na afisa misitu wa wilaya wanalifuatilia jambo hilo. Ndani ya hifadhi ya taifa hung'oi kitu chochote hata kama una nia njema. Unatoa taarifa kwa uongozi wa hifadhi hiyo, KINAPA, Marangu. Kwenye msitu wa serikali mwenye mamlaka ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS.

Miche midogo kihambani kwako haina haja ya ofisi ya mtu. Ing'oe kwa mkono masika au vuli, udongo ukiwa umelowa, na hakikisha mzizi mkuu umetoka wote. Ukikatika shingoni utachipua tena na safari hii utakuwa na mizizi yenye nguvu zaidi. Mche wenye unene wa kidole gumba unahitaji jembe au sururu. Mpera una kero yake ya ziada: mizizi yake ikijeruhiwa hutoa machipukizi, kwa hiyo kulima ovyo kuzunguka shina la mpera ni kuuongeza. Mti mkubwa uliopewa kibali ukatwe chini kabisa, kisha machipukizi ya kisiki yaondolewe kila yanapotokea mpaka kisiki kichoke. Kinachukua muda kuchoka, na watu wengi hukata tamaa mwezi wa pili. Dawa za kuua magugu sizipendekezi karibu na mfongo hata kidogo, kwani maji hayo yanaelekea jikoni kwa jirani yako wa chini. Kwenye mteremko mkali usitoe miti mikubwa yote kwa mara moja. Ondoa mmoja, panda mringaringa, mfuruanje au msesewe, subiri ushike udongo, ndipo uondoe wa pili.

Lakini si kila msambia unastahili kukatwa, na hapa natofautiana na wahifadhi fulani. Mti mmoja uani kwa bibi, mbali na msitu na mto, ambao wajukuu wanaumaliza kila msimu, unaweza kubaki. Sharti ni kwamba matunda yake yasiachwe kwa popo. Punguza kimo chake ili mchumaji aufikie bila ngazi, chuma vichala vyote vinavyoelekea kuiva, na okota vilivyoanguka. Kuokota huko kuna faida ya pili. Inzi wa matunda kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2003, hutaga mayai kwenye mapera na masambia kama anavyotaga kwenye maembe. Matunda yanayooza chini ya mti wako ndiyo kiwanda chake, na hasara inamfika anayelima maembe ya kuuza kule chini.

Mbegu za masambia usizitupe kwenye mfongo wala kwenye mboji mbichi. Bahati nzuri ni kwamba mbegu hii haivumilii kukauka: ianike juu ya bati mpaka ikauke kabisa, imekufa. Au itupe motoni. Mbegu ya mpera haiuawi na jua kwa urahisi hivyo, ni ngumu na inadumu, kwa hiyo usiwape ng'ombe mapera yaliyoiva halafu ukapeleka samadi mbichi shambani. Iache samadi ichemke na kuoza vizuri kwanza. Tahadhari nyingine ni ya akina mama wanaotengeneza juisi: toa mbegu zote za masambia kabla ya kusaga, kwa kuwa zina kemikali ambayo mbegu ikivunjwa hutoa sianidi. Nyama ya tunda ni salama.

Na kama bado hujui umeshika mti gani, piga picha ya jani pande zote mbili, picha ya ncha ya tawi, gome, ua au tunda kama lipo, pamoja na mti mzima. Programu za simu za kutambua mimea husaidia kwa mti wenye ua au tunda, lakini kwa mche mchanga hukisia, na hukisia kwa kujiamini. Afadhali kata tawi la urefu wa mkono, libane katikati ya magazeti chini ya kitu kizito, badilisha magazeti kila siku mpaka likauke, kisha andika kijiji, mwinuko kama unaujua, ulikouona na kama umeota wenyewe. Tawi kama hilo linapokelewa na wataalamu. Hifadhi ya taifa ya sampuli za mimea iko Arusha, chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na karibu zaidi kuna Chuo cha Mweka na ofisi ya misitu ya wilaya yako. Anza na ofisi ya misitu.

Ninyi wenye vitalu vya miche kuanzia Mwika hadi Machame, nina ombi moja kwenu: msimpe msambia mtu ambaye kihamba chake kinapakana na nusu maili au kiko ukingoni mwa mto Karanga, Rau, Una au Weruweru. Mpeni mparachichi, faida yake ni kubwa zaidi na soko lipo. Nawe msomaji mwenye kihamba cha juu, masika yajayo, mvua ikishalowesha udongo vizuri, chukua watoto wa nyumbani, fuateni mfongo wenu kutoka juu hadi mpakani kwa jirani, mkigeuza kila jani gumu lenye meno mnalolikuta. Lenye manyoya chini, vuteni.